Pale Greda Lilipogeukia

Mvua ile waliyoiita Elinino iliingia Masama kama mgeni asiye na haya. Ilikuja kabla ya Krismasi, ikakaa, ikala, ikakataa kuaga. Migomba ililala kifudifudi. Barabara ya kupandia kutoka bondeni ilichimbika ikawa korongo. Na daraja la mtoni, lile ambalo diwani aliahidi kulijenga kwa zege tangu kampeni za vyama vingi, lilisombwa asubuhi moja, mbao na misumari na ahadi yake pamoja.

Siku chache baadaye, mchana, Ebenezeri alikuwa bandani anakatakata mgomba wa kumlisha ng'ombe wake mmoja. Kijana wa jirani, Praygod, alikuwa amechuchumaa mlangoni ananoa panga kwa jiwe. Praygod alikuwa mpagazi wa mlimani, akiwabebea wazungu mizigo yao, lakini mvua ilikuwa imewafukuza wazungu, kwa hiyo siku hizi alishinda pale akipiga soga na kumsifia mkewe Mary, ambaye tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

Mara mwanamke akaingia uani bila kupiga hodi. Alikuwa Aikaeli, mke wa Yakobo, mwenye nyumba ya vigae na geti la bati pale chini kwenye mteremko. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani, na tope limempanda mpaka magotini.

"Shemeji, habari za hapa."

Ebenezeri hakuinua kichwa. "Mvua. Karibu."

"Yakobo anaumwa. Vibaya sana. Naomba upulize baragumu."

Panga la Ebenezeri likashuka kwenye mgomba, likapita mpaka kwenye ubao wa chini.

Baragumu lilikuwa pembe ya tandala aliyorithi kwa baba yake, na pamoja nalo alirithi machela ya mtaa wa juu: miti miwili mirefu, kamba za katani zilizosukwa katikati, na gunia la kahawa juu yake. Mtu akizidiwa, Ebenezeri alipuliza, na kila nyumba ilitoa bega moja. Walimbeba mgonjwa mpaka hospitali ya misheni, wakipokezana. Nyumba isiyotoa bega ilitoa debe la mbege, pombe ya ndizi, kwa wabebaji. Ndiyo ilikuwa sheria, na ilitungwa kwa ajili ya wajane na vikongwe, lakini Yakobo aliikuta akaivaa kama koti lililoshonwa kwa kipimo chake. Tangu alipokuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa hakuwahi kuweka bega kwenye mti wa machela. Kila baragumu lilipolia, geti lilifunguka kidogo, debe likatoka, geti likafungwa. Kisha biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, chama kikalala chali, na Yakobo akaanza kununua kahawa mwenyewe. Mizani ilibaki ileile, kwenye ghala lilelile. Kilichobadilika ni bango la mlangoni.

"Gari liko wapi?" Ebenezeri aliuliza.

"Lipo uani, lakini litapita wapi, shemeji? Daraja hakuna. Tulipeleka ujumbe kwa mwanetu Anaeli kule Moshi jana, akodi gari lingine aje asimame ng'ambo ya mto. Tangu jana tunangoja."

"Basi ngojeni."

Praygod akaacha kunoa.

"Shemeji!"

"Nimesema ngojeni. Gari likiahidiwa si watu hungoja? Mimi nilingoja."

Aikaeli akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mtaa mzima ulijua Ebenezeri alingoja nini.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, kiangazi, barabara kavu inapitika vizuri. Mkewe Elinipendo aliamka na maumivu ya tumbo, akaanza kutapika. Ebenezeri alishika baragumu, akaona heri apite kwanza kwa Yakobo, maana gari ni gari. Yakobo alimjibu akiwa amesimama getini, bila kumkaribisha ndani: "Gari liko Moshi, litarudi jioni. Usisumbue watu na machela. Jioni nampeleka mwenyewe." Ebenezeri akarudi akatundika baragumu ukutani. Kupuliza wakati mwenye gari ameshatoa neno ilikuwa sawa na kumwita mwongo mbele ya mtaa mzima, na mtu wa kawaida hamwiti mtu mkubwa mwongo. Jioni ikaja, gari halikuja. Usiku ukapita. Alfajiri ndipo alipopuliza, na walipomfikisha hospitali, Elinipendo aliwekwa kwenye benchi la mbao mapokezini. Ilikuwa ile miaka serikali ilipotangaza kila mtu achangie matibabu yake. Walioitangaza walikuwa wakitibiwa nje ya nchi. Kwanza cheti, wakasema. Kwanza amana. Ebenezeri alipokuwa bado anabembeleza dirishani, mkewe alifia kwenye benchi. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu usiku.

"Linamuuma wapi?" Ebenezeri aliuliza ghafla.

"Nini?"

"Tumbo. Si tumbo?"

"Nani kakwambia ni tumbo?" Aikaeli akashangaa. "Ndiyo, tumbo. Lilianza hapa kwenye kitovu. Sasa limeshuka hapa, upande wa kulia. Ukimgusa anapiga kelele. Anatapika."

Panga likabaki limeshikwa hewani. Ng'ombe alikohoa. Mvua ilipiga bati la banda kama watu wanaomwaga maharage.

"Meku," Praygod alisema kwa sauti ya chini, akimwita kwa heshima ya Kichagga, "hiyo si ndiyo..."

"Nyamaza."

Aikaeli akapiga magoti palepale kwenye kinyesi cha ng'ombe, na viatu vyake vya kanisani. "Shemeji, sijui kama utanisamehe mimi au yeye. Lakini nimeshangoja. Nimengoja tangu jana, najua sasa kungoja kulivyo. Usinirudishe nikangoje tena."

Ebenezeri aliweka panga chini akaingia ndani. Baragumu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari mmoja na kitenge cha Elinipendo. Alilitoa taratibu ili kitenge kisianguke. Watu walisema baadaye kwamba alipuliza kwa huruma, na mchungaji alilisema hilo mpaka madhabahuni. Si kweli. Alipuliza kwa sababu kwa miaka mitatu alikuwa na swali moja tu duniani, na kila alipokwenda kuliuliza alikuta geti. Sasa mwenye geti angelazwa chali kwenye machela, shubiri chache kutoka mdomoni pake, na machela haina geti.

Akapuliza.

Walikuja wanaume saba, magunia kichwani kukinga mvua. Waliposikia ni nani, wawili waligeuza.

"Huyu bega lake ni debe," alisema mmoja. "Apakiwe kwenye debe, tulivingirishe mpaka hospitali."

Wakacheka, lakini hawakucheka kwa muda mrefu. Wawili wale walirudi.

Yakobo walimkuta sebuleni kwenye kochi, amekunja magoti, uso umekuwa rangi ya majivu. Alikuwa mtu mnene, na kumshusha ngazi za barazani tu kuliwatoa jasho.

"Jamani, huyu amekula mbuzi wa ndafu wa ukoo wote," Praygod aliguna. "Mlimani mzigo wa hivi tungeugawa mara tatu."

"Beba," alisema Ebenezeri.

Njiani kila mtu alibadilishana na mwenzake. Ebenezeri hakubadilishana. Alishika mti wa nyuma upande wa kulia, na kwa kuwa mgonjwa huteremshwa miguu mbele, kichwa cha Yakobo kilikuwa karibu na mkono wake, kikitingishika na kila hatua. Walipokaribia mto, mwenzake wa nyuma alikuwa Wenseslaus, fundi seremala, bubu kwa tabia ingawa si kwa ulimi. Mbele walikuwa Praygod, upande wa kulia, na kaka yake Primus. Wengine walitangulia kukata matawi. Aikaeli alifuata nyuma kwa mbali, amevua viatu.

Walifika mtoni. Pale palipokuwa na daraja watu walikuwa wamelaza magogo mawili ya mkaratusi, sambamba, bila kamba ya kushikia. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yakigongana na mawe kwa kelele ya kufanya wa mbele apige ukelele ili asikike nyuma. Ng'ambo hakukuwa na gari wala dalili ya gari.

"Wale wawili wa kulia gogo hili, wa kushoto lile," Ebenezeri aliamuru. "Hatua ya Praygod ndiyo hatua yetu. Mtu asikurupuke."

Wakaingia. Magogo yalikuwa yamevuliwa magome na mvua, yanateleza kama mlenda. Praygod aliita: "Haya. Haya. Haya." Kwa kila haya, unyayo mmoja. Walipofika katikati, Ebenezeri akasimama.

Machela ikakatika mwendo. Praygod akayumba. "Meku! Kuna nini nyuma?"

"Subiri."

"Nisubiri wapi, hapa? Gogo linacheza!"

Ebenezeri aliinamisha kichwa. "Yakobo."

"Mm."

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Mbona mmesimama?"

"Siku ya Elinipendo. Gari lilikuwa wapi?"

Yakobo alifumbua macho. Maji ya mvua yalimwingia, akayafumba tena. "Ebenezeri, ndugu yangu, naumwa."

"Najua unaumwa. Na yeye aliumwa hapohapo unaposhika. Uliniambia liko Moshi. Lilikuwa Moshi?"

Wenseslaus aligeuza shingo akatazama.

"Meku, twende!" Praygod alipiga kelele. "Mguu unaniondoka!"

"Lilikuwa Moshi?"

"Hapana," alisema Yakobo.

"Lilikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nyuma ya nyumba." Akashika ukingo wa machela. "Lilikuwa limeoshwa. Jumapili yake ilikuwa kipaimara cha Anaeli, Baba Askofu alikuwa apande gari lile kutoka kanisani. Viti tulikuwa tumevivalisha vitambaa vipya. Na mkeo alikuwa anatapika, Ebenezeri. Nilidhani ni tumbo tu la kawaida. Nilidhani mpaka kesho litakuwa limetulia."

Kwa miaka mitatu Ebenezeri alikuwa ameandaa majibu yote. Gari limeharibika. Gari limejaa kahawa ya kwenda mnadani. Gari limekwenda magendo Himo. Kwa kila jibu alikuwa na chuki ya saizi yake. Hili hakuwa nalo. Kumbe mkewe alikufa kwa sababu ya kitambaa cha kiti.

Alihisi mti begani, unyevu, mzito, ukimwomba kitu kimoja tu: ashushe bega kidogo. Upana wa kiganja. Hakuna ambaye angeuliza. Mvua ile ilikuwa imechukua daraja, ng'ombe, zizi na nyumba. Ingechukua na huyu, na lawama ingebeba yenyewe, kama ilivyowabebea wakubwa lawama zao zote mwaka ule. Barabara mbovu? Elinino. Dawa hakuna? Elinino. Pesa za daraja? Elinino.

"Ebenezeri," Yakobo alinong'ona. Sasa alikuwa ameelewa yuko wapi. "Ebenezeri, usi..."

Praygod akateleza. Mguu wake mmoja ulitoka kwenye gogo, akashuka kwa goti, na mti ukavutika kuelekea majini. Sauti aliyotoa haikuwa neno. Hapo ndipo Ebenezeri alipouona mti wote kwa mara ya kwanza: ulianzia begani kwake ukaishia begani kwa Praygod, mti mmoja. Akilegeza nyuma, wa kwanza kuonja maji si aliyelala. Ni Praygod, na Mary kule juu na tumbo lake. Hata kumwangusha tajiri, lazima umzamishe maskini kwanza.

Alikaza bega mpaka likalia. "Inuka, mwanangu. Nimeshika. Inuka taratibu."

Praygod aliinuka, anapumua kama mbwa. "Haya," alisema. "Haya. Haya."

Walipofika ng'ambo waliishusha machela kwenye majani, na Primus akatapika kwa woga. Hakuna aliyemwuliza Ebenezeri chochote. Wenseslaus peke yake, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alitoa gunia kichwani pake akamfunika Ebenezeri mabega, wakanyanyua tena.

Hospitali, benchi lilikuwa palepale. Juu yake walikaa mama mmoja wa Mabogini na mwanawe anayetetemeka kwa malaria, na mzee aliyeshika kikaratasi. Ebenezeri alielekeza machela kule kwa mazoea. Muuguzi akatoka dirishani.

"Bwana Yakobo! Jamani, ni Bwana Yakobo. Msimweke hapo, pitisheni huku!"

Mlango ukafunguliwa, ule wa daraja la kwanza, ambao Ebenezeri hakuwahi kujua kama unafunguka. Hakuna aliyetaja cheti. Hakuna aliyetaja amana. Mtu alitumwa mbio kumwita daktari nyumbani kwake. Machela ilirudishwa tupu, na mlango ukafungwa kwa upole, kama milango ya watu wale inavyofungwa.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama daktari alipotoka, kijana mwenye miwani. "Nani walimleta?"

"Sisi," alisema Praygod.

"Mmefanya kazi nzuri. Kidole tumbo kilikuwa hakijapasuka bado. Wiki moja hivi atarudi kwake."

"Wiki moja," Ebenezeri alirudia. Alikuwa amekaa kwenye benchi, pembeni ya mzee mwenye kikaratasi. "Ni operesheni kubwa, daktari?"

"Wala. Ndogo kabisa, mzee. Muhimu ni kuwahi tu."

"Ndogo."

"Ndogo."

Ebenezeri aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akainuka, akachukua mti wake.

Yakobo alirudi akiwa amepungua kidogo, na kukonda kulimpendeza. Ilifanyika ibada ya shukrani. Alisimama mbele akasema mali si kitu, kwamba sisi wenye vijisenti ndio tunaoteswa na presha na sukari na mawazo, hatulali. "Nawaonea wivu ndugu zangu wa mtaa wa juu," alisema. "Hewa safi, ndizi shambani, roho imetulia. Nyinyi ndio mna raha."

"Tubadilishane basi," Ebenezeri alisema, si kwa sauti kubwa, lakini benchi zima lilisikia, na benchi la nyuma, na kicheko kikapita kanisani kama upepo kwenye majani ya migomba, mchungaji akaita wimbo haraka.

Ebenezeri aliwajua watu wa usingizi mwepesi wale. Presha yao ilikuwa na vidonge, sukari yao ilikuwa na sindano, na mawazo yao yalikuwa na kochi la kuyalazia. Makaburini aliwahesabu kwa macho tu: wa nyumba za vigae walizikwa vikongwe, wa mtaa wa juu walizikwa na meno yao yote. Raha gani ambayo mtu hufa kabla ya kuimaliza?

Mvua ilipokatika, ikaja habari ya greda. Yakobo alikuwa amekwenda halmashauri mwenyewe, na pale mtu kama yeye haongei na karani. Daraja likajengwa, la zege hasa, diwani akaja kukata utepe na kusema ahadi imetimizwa. Kisha greda la njano likapanda likichonga barabara. Watoto walilikimbilia, wanawake walipiga vigelegele. Lilichonga, likachonga, likafika getini kwa Yakobo. Likapita geti kidogo, kama hatua za kugeuzia. Likageuka. Likashuka. Juu ya pale kulibaki korongo lilelile.

Jumamosi iliyofuata kijana wa kazi wa Yakobo alifika kwa Ebenezeri na debe la mbege begani. Kwenye mpini wa debe limefungwa isale.

Isale ni jani tu, refu, la kijani, lakini Mchagga akikuletea isale anakuomba msamaha, na hakuna anayelikataa, hata aliyeuliwa mwanawe. Kulikataa ni kujitakia balaa wewe na uzao wako. Ebenezeri aliligusa kwa kidole. Praygod, aliyekuwepo, alitazama upande mwingine.

"Yamenikuta," Ebenezeri alisema hatimaye. "Hata kuchukia wamenizuilia." Akafungua kamba, akalichukua isale. "Debe rudisha."

"Mzee, nitasemaje?"

"Huna haja ya kusema. Nakuja mwenyewe."

Alikwenda shambani kwake akang'oa shina zima la isale lenye mizizi, akaliweka begani pamoja na lile jani, akashuka nalo. Pale greda lilipogeukia, ukingoni mwa barabara, alichimba shimo akalipanda, na jani la Yakobo akalifunga kwenye shina. Yakobo alitoka getini amevaa kandambili, mkono mmoja umeshika ubavu.

"Karibu ndani, Ebenezeri."

"Nitakaribia siku nyingine. Isale nimelipokea, unaliona?"

"Nashukuru. Mungu akubariki." Yakobo alilitazama lile shina. "Lakini isale hupandwa kwenye mpaka. Hapa ni barabara. Hapa ni mpaka wa nini?"

"Umeuchora wewe na greda lako. Mimi nimeupandia alama tu."

Yakobo akatazama korongo lililobaki juu ya pale.

"Mbege nimekurudishia," Ebenezeri aliendelea. "Debe halibebi mgonjwa. Nataka bega."

"Daktari amenikataza kubeba, kweli tena. Mshono..."

"Najua. Kwa hiyo tumegawana. Toka hapa kwenda juu tunabeba sisi. Tukifika hapa tunashusha. Toka hapa kwenda chini unabeba wewe, na gari lako."

"Na siku gari halipo?"

"Nitapuliza mara moja. Sitangoja."

Yakobo aliangalia kandambili zake. "Sawa," alisema.

Kahawa zilikuwa zimeiva Mary aliposhikwa na uchungu. Ulianza asubuhi, na kufika mchana mkunga wa mtaani alitoka ndani amekunja uso, mikono imelowa damu mpaka viwikoni. "Huyu si wa kuzalia nyumbani," alisema. "Mbebeni."

Ebenezeri alipuliza. Walishuka korongoni karibu wanakimbia, Praygod mbele akiita "haya" kwa sauti iliyopasuka, Mary akilia kisha akaacha kulia, na kule kuacha kulia ndiko kulikowatisha. Gunia la kahawa lilikuwa limebadilika rangi, linadondosha.

Walifika kwenye isale, wakashusha. Ebenezeri akaweka baragumu mdomoni akapuliza kuelekea geti, mara moja, mpaka pumzi ikaisha.

Geti halikufunguka.

Nyuma yake, ndani ya uzio, gari lilionekana paa lake, limeoshwa, linang'aa mpaka linaumiza macho. Maji yalikuwa bado yanachuruzika chini ya geti na povu la sabuni. Ilikuwa Jumamosi; akina Yakobo walikuwa waende harusini Moshi.

"Meku." Praygod alikuwa analia waziwazi. "Meku, tufanyeje?"

Ebenezeri hakufikiri. "Inueni. Tunakwenda kwa miguu. Inua!"

Mabega yalikuwa tayari chini ya miti geti lilipolia. Yakobo alitoka na suti, tai haijafungwa, funguo mkononi. Alimwona Mary, akaiona damu, akasimama. Kila mtu alimwona anasimama. Kisha akarudi mbio ndani, injini ikanguruma, gari likatoka kinyumenyume mpaka kwenye isale.

Aikaeli alikuja nyuma yake na gauni la kuendea harusini, kifuani amekumbatia nailoni kubwa la kuanikia kahawa. Akafungua mlango wa nyuma. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe. Akaanza kukunjua nailoni.

"Usitandike kitu," alisema Ebenezeri.

Aikaeli akabaki ameshika ncha mbili za nailoni. Akamtazama mumewe. Yakobo alikuwa kwenye usukani, ametazama mbele, shingo imekakamaa.

"Mama Anaeli," alisema bila kugeuka. "Acha."

Nailoni likaanguka kwenye vumbi. Wakamlaza Mary kwenye kitambaa cheupe, Praygod akapanda akampakata kichwa, Aikaeli akapanda mbele na gauni lake. Gari likaondoka. Greda lilikuwa limefanya kazi safi. Gari halikurushwa hata na jiwe moja mpaka lilipopotea kwenye kona ya darajani.

Wenseslaus na Primus walikunja machela. Ebenezeri alibaki amesimama kando ya isale, baragumu linaning'inia mkononi, akiwa bado anakiona kile kiti cha nyuma. Kilikuwa kipana. Elinipendo alikuwa mwembamba, angetosha pale, na nafasi ingebaki.